Ukuta Usiogusa Sakafu

Huku kwetu Likasi, mlango usiotakiwa tena huzibwa kwa matofali. Unamwita mwashi, anachanganya mchanga na saruji asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana mlango umekuwa ukuta. Kwa hiyo majirani waliponiona nashusha vipande virefu vya bati kwenye baiskeli, mbele ya nyumba ya wazazi wangu, hawakuninyamazia.

"Maman Plafond! Sasa unataka kujengea mama yako nyumba ya bati?" aliuliza mama wa ng'ambo ya barabara, anayekaanga mikate na kuiuza kwenye kizingiti chake.

"Ni kufunga mulango ya chumba tu, mama."

"Na bati? Panya batakucheka!"

Jina hilo la Maman Plafond, yaani Mama Dari, nililipata kazini. Mume wangu alikuwa fundi wa dari. Nilianza kwa kumshikia ngazi, kisha nikawa napima, kisha nakata, na alipofariki niliendelea peke yangu kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Tuliweka dari na kuta nyepesi katika ofisi na nyumba za wageni, na kila kazi ilipokwisha tulibaki na vipande ambavyo mume wangu hakukubali vitupwe. Bati nililoshusha siku ile lilikuwa la kwake.

Matofali yalikuwa mazito mno kwa sakafu ya nyumba ile, na barabara nzima ilijua kwa nini, ila haikusemwa kwa sauti. Nyuma ya mlango niliokuja kuufunga kulikuwa na shimo.

Nieleze taratibu. Nyumba hiyo baba aliipata wakati kampuni ya migodi ilipowauzia wafanyakazi wake wa zamani nyumba za kambi. Ina sebule, vyumba viwili vidogo, jiko na ua. Baba alipofariki, mama alibaki humo na mdogo wangu, kitinda mimba. Kisha mama akapooza upande wa kulia, mdomo ukapinda kidogo, akawa mtu wa kitandani. Mdogo wangu naye alikuwa amefanya kazi kwa mkataba katika kiwanda kimoja. Mkataba ukaisha, haukurudi. Siku moja, akichimba choo kipya uani, alikuta udongo mweusi wenye kobalti, ule ambao kila mtu wa Likasi anaujua hata akiwa amefumba macho, kwa uzito wake mkononi. Mstari wa udongo ule ulielekea chini ya nyumba. Akavunja sakafu ya chumba cha wazazi wetu, kwa kuwa humo ndani mtu wa barabarani haoni kitu, akateremka. Kitanda cha mama kilihamishiwa sebuleni. "Siku kiloko tu," alisema, yaani chache tu. Tangu hapo majira ya mvua yalikuwa yamekuja mara mbili.

Alichimba na wenzake wawili. Walipita sebuleni wakiwa na matope magotini na magunia mabegani, wakimsalimu mama kwa heshima zote, "Bonjour mama, umeamuka?", na kila walipopita vumbi lilikaa juu ya shuka lake, juu ya bukari, ugali wake, ndani ya glasi ya maji. Mama alikohoa siku nzima. Mimi nimepanga mtaa wa Kikula, vyumba viwili. Nilimwomba aje kwangu. Nilimwomba mwanzoni kwa upole, baadaye kwa machozi, na mara moja, naona haya kusema, kwa kelele. Kila mara alijibu neno moja: "Siendi."

Nilidhani ni kwa ajili ya baba. Nilidhani anaogopa kufia katika nyumba ya kupanga. Nikamleta padri, akaongea naye, akatoka akitikisa kichwa. Nikaenda kwa mkuu wa mtaa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia bila ubaya wowote: "Maman, kama nafunga shimo ya ndugu yako, ni lazima nifunge avenue nzima, kila nyumba inachimba. Na watoto yangu, banalala ku avenue ile ile."

Basi nikabaki na jambo dogo ninaloliweza. Nilimwambia mdogo wangu: vunjeni dirisha la chumba kile, mfanye mlango wa kutokea uani, mimi nitaufunga mlango wa ndani, mama apumue. Alikubali upesi sana.

"Ni muzuri, yaya," alisema, akiniita dada mkubwa. "Hata shiye tutapita bien."

"Na njia ya chini inaenda wapi?"

Alinyoosha mkono kuelekea uani, kwenye mparachichi. "Inaenda huku. Kwa mama hatufiki."

Nikaridhika. Nawaambia hili bila kujificha: mtu wa dari ana tabia ya kutazama juu. Nimeingia nyumba nyingi, na kila ninapoingia shingo yangu inainuka yenyewe, naangalia mbao, naangalia bati, naangalia wapi maji yamepita. Sakafu huwa naikanyaga tu.

Kazi yenyewe si ngumu, na ukiwa na subira utaiweza hata kama hujawahi. Unahitaji reli mbili, yaani bati lililokunjwa kama mfereji: moja inakaa juu, chini ya linta, ile boriti iliyo juu ya mlango, na nyingine inakaa chini, sakafuni. Katikati yake unasimamisha miimo ya bati, mmoja kila ubavu wa mlango na mmoja au miwili kati. Huo ndio mfupa. Kisha unauvika plako, yale mabamba ya jasi yenye karatasi, upande huu na upande ule. Ukuta mzima mtu mmoja anaweza kuubeba vipande vipande kwa baiskeli. Fremu ya zamani niliing'oa kwa mikono tu. Mchwa walikuwa wameila ndani, imebaki rangi. Ndiyo maana situmii mbao mahali kama pale.

Mama alinitazama kutoka kitandani. Umeme ulikuwepo. Nilipiga mstari wa chaki sakafuni, nikalaza reli ya chini juu yake, nikapiga magoti upande wa chumbani, uso kwa mama, na mashine ya kutobolea. Tundu la kwanza, karibu na ubavu, lilitoa vumbi la kijivu kama inavyotakiwa. Tundu la pili nililitoboa katikati. Saruji ilikaza kwa muda, halafu mashine ikazama yote, kwa ghafla, hata ngumi yangu ikagonga sakafu.

Niliichomoa. Kwenye lile tundu, dogo kama la kupitisha penseli, hewa ya baridi ilipanda ikanigusa kidole. Ilinuka udongo uliolowa na moshi wa sigara. Kisha, chini ya sakafu, mtu akasema:

"Eh! Nani anatutobolea kichwa?"

"Ni Bon Dieu, Mungu mwenyewe," mwingine akajibu. "Anakutafuta weye, juu ya ile bibi ya Kambove."

Wakacheka. Nilisikia cheko lao waziwazi, kama watu walioketi chumba cha pili.

Uani kulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Sauti zilitoka mbele, upande wa mama.

Mafundi wa vigae wana njia yao ya kujua kama kigae kimeshika: wanakigonga kwa mpini wa nyundo. Penye kushiba chini, sauti ni fupi na inafia hapohapo. Penye uwazi, inakaa kidogo kabla ya kufa. Nilichukua nyundo, nikaanza kugonga kutoka mlangoni, hatua kwa hatua, nikitambaa. Kila niliposikia ile sauti inayokaa, nilichora duara kwa chaki. Maduara yalitoka mlangoni, yakapita pembeni mwa meza, yakaingia chini ya kitanda cha mama. Nililala kifudifudi nikagonga humo chini. Yakatokea upande wa pili, yakaenda mpaka ukuta wenye picha ya harusi yao.

"Unaandika nini kule chini?" mama aliuliza.

"Napima, mama."

"Unapima nini? Mulango iko kule."

Nilikaa sakafuni, nikaushika mkono wake mzima. Sikutaka kumdanganya. Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja ambaye dari yake itaanguka: pole pole, jambo moja baada ya jingine. Kwamba njia ya chini haiendi uani. Kwamba imepita hapa, na hapa, na hapa. Kwamba kati ya mgongo wake na shimo kuna godoro, mbao za kitanda na saruji isiyozidi kiganja. Kwamba mvua bado zinakuja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Minye niko najua."

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya Pasaka ile imepita." Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalikuja moja moja. "Nipe fimbo."

Nilimpa fimbo yake, ile aliyotembelea kabla ya kupooza. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaiteremsha kando ya kitanda, akagonga sakafu mara tatu. Tukasubiri. Nilihesabu pumzi zangu. Kutoka chini, karibu sana, zikarudi ngumi tatu.

"Unasikia?" alisema. "Ndugu yako iko muzima."

Akairudisha fimbo kifuani.

"Kila asubui akishuka, nagonga. Muchana nagonga. Anajibu. Nikienda kwako Kikula, nani atamusikia? Benzake bote beko chini na yeye. Siku asipojibu, minye njo nitapiga kelele. Nitaita barabara yote."

Mwaka mzima nilikuwa nimemwita mama yangu mkaidi. Nilikuwa nimemwambia hivyo usoni. Niliangalia maduara yangu ya chaki na sikujua niyafute au niyaache.

Mdogo wangu alitoka shimoni alasiri kwa mlango mpya wa uani, akaja kwa kuzunguka nyumba, mweusi mpaka kope. Aliona chaki akasimama mlangoni pa sebule.

"Ulinionyesha uwanja," nilimwambia.

"Ilianzaka kuenda ku uwanja, yaya. Kisha ikageuka."

"Na weye ukageuka nayo."

"Tuliacha nguzo! Tatu za udongo, munene hivi." Alikunjua mikono yake kama anayekumbatia mtu. "Moja iko sawasawa chini ya kitanda. Minye mwenyewe niliichagua pale."

Aliyasema hayo ili anitulize, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi. Nilimuuliza kuhusu kugonga. Akainamisha kichwa.

"Nilizani anakasirika juu ya makelele. Njo namujibu, ya kumuomba pardon."

Mama alitoa sauti fulani kitandani, sijui kama ilikuwa kicheko.

Hapo nilifanya jambo lisilofanywa kwetu. Nilipiga magoti mbele ya mdogo wangu. Mimi niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kusoma saa. Alinirukia akanishika kwapani.

"Simama, yaya! Unataka kunilaani? Simama!"

"Acha kuchimba."

"Mustari inaisha. Imebaki kiloko kabisa. Ikiisha, naacha."

"Mulisema vile mbele ya Noeli."

"Sasa ni kweli."

Niliendelea kupiga magoti na yeye aliendelea kuninyanyua, tukawa kama watu wanaopigana, mpaka mama akasema, "Mutaniangusha nyumba bote mbili," na tukaachana. Mama hakutoka. Mdogo wangu hakuacha. Nilikuwa na watu wawili ninaowapenda, mmoja juu ya mwenzake, na kati yao kiganja kimoja cha saruji, na kila mmoja aliamini anamlinda mwingine.

Kesho yake nilirudi kumalizia ukuta. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu vumbi bado lilikuwa vumbi, na mama bado alikohoa, na kama ningekaa Kikula mikono mitupu ningepata wazimu.

Sakafu ile sikuweza kuitoboa tena. Basi niliufunga ukuta mahali pengine pote. Reli ya juu niliikaza kwenye linta kwa skrubu nyingi kuliko kawaida. Miimo ya pembeni niliikaza kwenye kuta za matofali, kulia na kushoto, toka juu mpaka chini. Reli ya chini niliibandika sakafuni kwa gundi tu, mstari mwembamba, ili isichezecheze. Kwa hiyo ukuta wote ulining'inia kama pazia gumu. Mume wangu angenigombeza, maana ukuta hauwekwi hivyo, lakini angenielewa.

Upande wangu niliuacha wazi kwanza, kwa kuwa upande wa shimo ulihitaji mtu wa kule. Niliita. Mdogo wangu alikuja, tukasimama tukitazamana katikati ya miimo, mimi sebuleni, yeye chumbani, na nyuma yake shimo lenye kamba ikiteremka. Nilimpitishia kipande cha kwanza cha plako, cha nusu ya mlango, nikampitishia skrubu kiganjani.

"Isukume mpaka juu. Bien. Sasa weka visi ya kwanza hapa, kwenye mwimo. Usikaze kwa hasira. Kichwa kiingie kidogo tu, kisipasue karatasi. Ukipasua karatasi, visi haishiki tena kitu."

Ya kwanza aliipasua. Ya pili pia. Ya tatu ilikaa vizuri, akaigusa kwa kidole akanitazama kwa kujivuna.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Endelea, acha shubiri moja kati ya visi na visi."

Aliendelea. Nilimsikia akihesabu kwa pumzi. Alipofika chini alikuwa ananyoosha mstari kuliko mafundi wengine niliofanya nao kazi.

"Mukono yako iko muzuri," nilimwambia kupitia kwenye miimo. "Nakuambia kweli. Acha kule chini, kuya tufanye hii pamoja."

"Yaya, plafond ngapi ziko Likasi?"

Wiki ile nilikuwa na kazi moja, na ilikuwa ya kurekebisha. Akavuta kipande cha pili, na plako ikaufunika uso wake, shavu, kisha pua, kisha jicho la mwisho, kisha sikumwona. Nikavika upande wangu. Nikaziba viungo kwa utepe na jasi, nikalainisha kwa kitambaa chenye maji. Ukapendeza. Mama wa mikate alikuja kuuona, akaugonga kwa kidole, akasema, "Kumbe!" na ndiyo sifa kubwa aliyowahi kunipa.

Mvua zikazidi. Nilikuja kila alasiri kumlisha mama na kumgeuza. Kikohozi kilipungua, hilo ni kweli. Mara tatu za fimbo, mara tatu za ngumi. Nilianza kuzisubiri mimi pia, kijiko kikiwa hewani.

Labda siku ya tisa au ya kumi niliona mstari wa mwanga chini ya ukuta wangu. Uzi tu. Nilidhani gundi imeachia kwa unyevu. Niliingiza karatasi ya nyimbo za Jumapili, ikapita. Nikajilaumu. Siku iliyofuata ilipita karatasi iliyokunjwa mara mbili. Nikafanya anachofanya kila fundi, nikatafuta kosa langu: nilipanda kiti nikakagua reli ya juu, skrubu moja moja. Zilikuwa imara. Nikaweka pimamaji, na povu likakaa katikati bila kusogea. Viungo havikuwa na ufa hata wa unywele. Nilishuka kwenye kiti nikakaa juu yake.

Siku ya tatu kidole changu kiliingia chini ya ukuta mpaka kwenye pete.

Ukuta haukuwa umepanda. Ulikuwa umeshikwa na linta na matofali, pale pale nilipouacha. Ni sakafu iliyokuwa inashuka, na kitanda kilishuka nayo, na mama juu yake, kidogo kidogo, bila sauti yoyote. Kama ningekuwa nimeukaza chini kama inavyofundishwa, ungeshuka nayo, ungepasuka labda, na ningesema ni jasi mbaya.

Niligonga plako kwa viganja viwili. Niliita jina la mdogo wangu mpaka kamba ikatikisika na nikamsikia akipanda.

"Nini, yaya? Mama?"

"Lala chini."

"Nilale?"

"Lala, nakuambia! Angalia chini ya ukuta."

Nilijilaza upande wangu, shavu kwenye saruji. Nilisikia magoti yake, kisha tumbo lake. Katika ule mwanya kukatokea jicho lake, jekundu, na vumbi kwenye kope.

"Unaniona?" nilimuuliza.

"Nakuona."

"Siku ile tulifunga, weye ulikaza visi ya chini kabisa. Uliweza kuniona kwa huku chini?"

Jicho lilipepesa vumbi. Lilitazama upande, likatazama reli, likapima. Yeye si mjinga, hajawahi kuwa mjinga.

"Hapana," alisema.

"Ukuta niliukagua. Iko pale pale."

Mama akauliza kitandani, "Banasema nini?" Halafu jicho likatoweka. Nilimsikia akipiga kelele shimoni, sauti ambayo sijamsikia nayo tena: "Panda! Bote! Acheni bintu, panda!" Nilisikia kamba, matusi, mtu akiuliza kuna nini, mtu akianguka. Kisha miguu yake ikizunguka nyumba mbio. Aliingia kwa mlango wa mbele na matope yake yote, akapita juu ya maduara ya chaki, kwa hatua ndefu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Akachuchumaa kando ya kitanda na kumpa mama mgongo.

"Panda, mama."

"Siendi."

"Mama, panda."

"Benzako bametoka?"

"Bote bametoka. Beko uwanjani. Na minye niko hapa, nishike."

Mama alinyoosha mkono wa kushoto akamshika kichwa. Alimpapasa kuanzia utosini, masikio, taya, kama anayenunua kitu sokoni. Halafu akampiga kofi.

"Unanuka udongo," alisema. Ndipo alipojiachia juu ya mgongo wake.

Tulimtoa bila kuchukua kitu kingine. Mama wa mikate alituazima mkokoteni wake, akaturushia godoro lake mwenyewe, akatembea pembeni na mwavuli mpaka tulipofika lami, akimgombeza mdogo wangu njia nzima. "Mutu anachimba chini ya mama yake! Hata panya haifanye vile!" Mdogo wangu alisukuma mkokoteni bila kuinua uso. Mama alikuwa amelala chali mvuani akitazama juu, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika shati la mwanawe, haukuachia mpaka Kikula.

Ningependa kuishia hapo, na kwa siku nne niliamini kwamba imeishia hapo. Mdogo wangu alilala kwetu, kwenye mkeka kati ya kitanda cha mama na ukuta. Nilikwenda naye kwenye kazi yangu ya kurekebisha. Alishika ngazi, alikata, alikaza skrubu bila kupasua karatasi. Mwenye nyumba alimsifu. Jioni ya siku ya nne aliniuliza kama kuna kazi nyingine baada ya ile, na nilimwambia bado, lakini itakuja, kazi huwa inakuja, tuwe na subira. Alitikisa kichwa kwa adabu. Asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa. Wenzake walikuwa wamepata nafasi Kambove, kwenye machimbo ya kweli, na akaenda nao.

Nyumba ya wazazi haijaanguka. Nimekwenda kuitazama kwa mlangoni, siingii. Watu wengine wameshuka katika lile shimo, siwajui, wanapitia palipokuwa dirisha. Ukuta wangu umesimama na ni mnyoofu, na chini yake sasa unaona chumba cha pili chote mpaka kwenye miguu ya watu.

Mama hakohoi tena. Anakula vizuri. Watu wakija kumsalimu wanasema amenenepa, wananipongeza, nami nawashukuru. Juzi, nikiwa namfunga leso, aliniuliza:

"Kule Kambove, banachimba mpaka wapi? Unieleze. Weye unajuaka kueleza."

Niliwahi kuweka dari katika ofisi moja kule. Wakati wa kupumzika nilitembea mpaka kwenye mashimo, nikamwona mtu akishushwa kwa kamba na taa kichwani. Nilisimama nikitazama ile taa mpaka ikawa kama punje, na kamba bado ilikuwa inashuka.

"Sijui, mama," nilisema.

"Na telefone, inaingia kule chini?"

"Inaingia."

Akaniomba nimpigie mdogo wangu. Niliweka simu kwenye sikio lake, tukasikiliza wote wawili, vichwa vikiwa vimegusana. Haikuita. Alingoja mpaka yule mwanamke wa kwenye simu akamaliza kusema kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani, kisha akasema nimpigie tena.